Kamba ya Baba Kwenye Tundu la Ukuta

Baba yangu hapendi kamba iliyolala chini. Kwetu Sapiwi kamba za maksai zilikuwa na misumari yake ukutani, upande wa kivuli, na ukirudi shambani ukaitupa kamba mlangoni ulikuwa umejitafutia makubwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliinama, akaiokota, akaikunja kwa kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko, kisha akaizungusha ncha katikati na kuipenyeza chini ya mzunguko wa mwisho mpaka ikabana. Kamba aliyoikunja baba nikiiona popote naijua. Akishaitundika ndipo alipotugeukia na kusema kila ncha lazima iwe na mahali pake, la sivyo ng'ombe ameshapotea na nyie bado mnakula ugali.

Nasema hapendi kwa sababu yu hai. Aliyefariki ni mama.

Mimi ni fundi wa mtandao katika hospitali moja hapa Bariadi. Siitaji jina, maana sitaki watu waanze kuinyooshea kidole. Ndugu zangu wengi mpaka leo wanadhani natengeneza simu. Nikienda nyumbani huletewa simu zilizodumbukia kwenye ndoo, chaja zilizotafunwa na mbuzi, na redio ya baba mdogo ambayo, Mungu anisamehe, nilishaiombea ife kabisa. Baba peke yake ndiye aliyetaka kuijua kazi yenyewe. Jumapili moja tulipotoka kanisani aliniketisha karibu na zizi, akaniambia nimweleze mpaka aelewe, kwa sababu kule kwenye ghala la pamba watu wanamuuliza binti yake anafanya nini mjini na yeye anababaika.

Nikamweleza. Swichi, nikamwambia, ni sanduku lenye matundu mengi. Kila kompyuta inafungwa hapo kwa waya wake, na sanduku linajua ujumbe upi uende kwenye waya upi. Kila jengo la hospitali lina sanduku lake, na masanduku yenyewe yanaunganishwa kwa waya mkuu. Kwenye huo waya mkuu vinapita vitu vya idara zote, vya maabara, vya wodi, vya dawa, vya mapokezi, lakini havichanganyiki, kwa sababu kila kimoja kimepigwa alama ya idara yake. Mgawanyo huo ndio tunaouita VLAN. Baba akasema hilo halina ugumu, ni ng'ombe wa kaya tofauti wanaopita njia moja kwenda lamboni, kila kaya na chapa yake. Nikamwambia ndivyo.

Akauliza, na huo waya mkuu ukikatika? Nikamjibu ndiyo maana tunaweka miwili. Akachora vumbini kwa fimbo yake, njia moja ya kwenda na njia nyingine ya kwenda, akaona zimekutana. Akasema sasa hapa mtu atazunguka mpaka atarudi alikotoka. Nilicheka kwa furaha, maana hapo ndipo penyewe. Kuna ujumbe kwenye mtandao ambao ni wa kutangaziwa wote, kama mbiu ya mgambo. Swichi ikiupokea inautoa kwenye matundu yote. Pakiwa na mzunguko, ile mbiu inarudi ilikotoka, inatolewa tena, inazaliana, na kufumba na kufumbua waya wote umejaa kelele tupu, hakuna anayemsikia mwenzake.

Kwa hiyo swichi zinasemezana. Zinapeana salamu fupifupi muda wote, zinachagua moja iwe shina, kila moja inatafuta njia yake ya karibu ya kulifikia shina, na njia inayozidi, ile inayoleta mzunguko, zinaifunga. Waya haukatwi. Tundu lililofungwa linaendelea kuzisikiliza salamu kimyakimya bila kupitisha mzigo wowote, na siku njia ya kwanza ikifa, lenyewe ndilo linalofunguka. Sisi mafundi tunaiita spanning tree, kwa kuwa ukiuchora mtandao wa namna hiyo unatoka mti, matawi hayarudi kukutana. Tena kila VLAN inaweza kuwa na mti wake juu ya nyaya zilezile.

Baba akauliza nani sasa anakwenda kufunga. Nikamwambia hakuna anayekwenda, zinajifunga zenyewe. Alicheka mpaka akashika goti. Wiki iliyofuata ghala zima lilikuwa linajua kwamba binti yake ana masanduku yanayojifunga yenyewe. Mama ndiye aliyenipigia simu kunihadithia, na yeye anacheka, anasema baba yako siku hizi haongei pamba tena, anaongea masanduku.

Mama alikuwa mtu wa kuficha. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na kwake yeye kuugua wakati pamba ipo shambani ilikuwa kama kukosa adabu. Tumbo lilimuuma, akanywa maji ya moto. Alianza kutoka damu, akanyamaza. Aliendelea kuchuma na kujaza magunia mpaka alipoanguka kati ya mistari, na hata hapo, nilivyoambiwa, alisema amejikwaa. Waliletwa na gari la jirani lililokuwa likipeleka pamba mjini, yeye akiwa mbele na baba juu ya magunia. Nilipompokea getini kanga yake ilikuwa na nyuzi za pamba, na nikaanza kuzitoa moja moja, maana sikujua nifanye nini kingine.

Asubuhi iliyofuata nilipita wodini kabla ya kwenda ofisini. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikawaamkia kwa Kisukuma. Mwangaluka mayu. Mwangaluka baba. Viganja vya mama vilikuwa vimekuwa vyeupe. Daktari alikuwa ameshaagiza damu, sampuli imekwenda maabara, na muuguzi akaniambia wanangoja tu majibu yatokee kwenye kompyuta ya wodi ili chupa iletwe. Akaniambia pia kwamba alfajiri mama alipopelekwa msalani nusura aanguke, kuna waya ulikuwa umelala pale njiani. Nikawa namtazama mama. Nyuma yangu nilimsikia baba akijishughulisha na kitu ukutani, na sikugeuka. Mpaka leo nikilala naisikia ile sauti ndogo ya baba akijishughulisha.

"Usinikodolee macho hivyo," mama akaniambia. "Mimi si kompyuta."

Nikacheka, na simu yangu ikaita. Mapokezi, hawapati mfumo. Sijaikata, wakapiga wa dawa. Kisha maabara. Nikainuka huku nikisema narudi sasa hivi. Mama akanisukuma mkono kidogo, kama alivyokuwa akinisukuma zamani nikichelewa shule.

"Nenda," akasema. "Watu wanakungoja."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Nilikimbilia chumba cha swichi. Sasa niseme jambo moja la kazi yetu, vinginevyo hamtaelewa kwa nini nilianzia pasipo na tatizo. VLAN zote za hospitali huandikwa kwenye swichi moja kubwa, nayo inazitangazia nyingine, nazo zinanakili. Ndiyo kazi ya itifaki inayoitwa VTP. Ni raha, huzunguki jengo hadi jengo. Lakini ina ubaya wake. Kila badiliko lina namba, na mwenye namba kubwa ndiye anayeaminiwa. Mtu akileta swichi kuukuu iliyokaa stoo, ikawa na namba kubwa kuliko ya kwenu, swichi zote zinafuta zilichokuwa nacho na kufuata uongo wa huyo mgeni. Nilishaliona hilo katika ofisi niliyofanyia kazi zamani, idara zote zilifutika nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na tangu hapo nikisikia mtandao umekufa mwili wangu unakumbuka siku ile kabla ya akili.

Kwa hiyo nilianza na hilo. Nikatafuta kama VLAN zimefutika. Kompyuta yangu ilichukua dahari kuingia kwenye swichi, inaganda, inakatika, narudia, huku simu inaita na mimi natukana kimoyomoyo. Ilipofunguka nikakuta VLAN zote zipo, salama salimini. Hakuna aliyefuta kitu. Ndipo nikainua kichwa nikaziangalia taa, jambo ambalo ningelifanya mwanzo kama nisingekuwa na haraka. Mtandao ukiwa mzima, taa zake hupepesa ovyo, kila moja kivyake. Zile zilikuwa zinawaka zote kwa pamoja, hazipumui. Nikajua ni mzunguko.

Mzunguko wapi? Nikaona ile njia ya akiba kati ya majengo, ambayo siku zote hufungwa, imefunguka. Nikadhani nimempata mchawi. Nikauchomoa waya wake. Taa zikaendelea vilevile. Baadaye nilielewa: kelele zilikuwa zimejaa kiasi kwamba lile tundu lililofungwa lilikuwa halisikii tena salamu za wenzake, likadhani njia ya kwanza imekufa, likafunguka kwenda kuokoa. Masikini, lilikuwa linatimiza wajibu wake.

Nikaanza kuchomoa nyaya kuu, jengo moja baada ya jingine. Utawala, bado. Dawa, bado. Nilipochomoa wa wodi ya wanawake, taa zikapumua. Nilikuwa na ncha mkononi, na majibu ya damu ya mama yangu yalikuwa yanatakiwa yapite kwenye waya huohuo niliouchomoa. Nikatoka mbio.

Nilieleze hili pia, maana daktari aliniuliza na nikashindwa kumjibu vizuri. Maabara mti wake ulikuwa mzima. Kelele zilikuwa za VLAN ya wodi peke yake. Lakini waya mkuu ni huohuo mmoja, na kule kunakili kwenyewe kulikuwa kumeipeleka VLAN ya wodi kwenye kila swichi, hata kule isikohitajika, kwa hiyo kelele za wodi zilifika kila jengo na kuyabana majibu ya maabara yakakosa pa kupita. Wenzetu wa maabara walikuwa wameshaanza kuandika majibu kwa mkono. Lakini asubuhi ile wagonjwa walikuwa wengi, na majibu ya damu hayabahatishwi, lazima yahakikiwe na mtu wa pili kabla hayajatoka.

Wodini, chini ya meza ya wauguzi, kulikuwa na kaswichi keupe ka plastiki, kama hizi zinazouzwa madukani. Kaliwekwa na aliyenitangulia, akaondoka, na nilipoomba kabadilishwe niliambiwa nisubiri. Ni bubu hako. Hakazijui salamu za spanning tree, zikifika kanazimeza, kwa hiyo swichi kubwa haikuambiwa kwamba nyuma yake kuna duara. Nikafuata waya mmoja kutoka hapo, ukapita ukutani, ukatokea kwenye tundu la karibu na dirisha. Hapo waya mwingine mrefu ulikuwa umechomekwa, ule uliobaki peke yake baada ya kompyuta moja ya wodi kupelekwa kwa matengenezo. Ncha yake ya pili haikuwa chini. Ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la jirani, ambalo nalo linarudi kwenye kaswichi kalekale. Na urefu uliozidi ulikuwa umekunjwa na kutundikwa kwenye msumari wa chandarua, kiganja na kiwiko, ncha imezungushwa katikati na kupenyezwa chini ya mzunguko wa mwisho.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti, ameshika mkono wa mama aliyekuwa amesinzia. Akaniona ninautazama waya.

"Nimeitundika," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Mama yako nusura aanguke."

Nikamwambia wabeja, baba, asante. Nikaichomoa ncha moja, nikaiacha ikining'inia nyuma ya pazia ambako hangeiona, na koili yenyewe nikaiacha palepale juu ya msumari. Nikakimbia kurudi kuurudisha waya mkuu. Mtandao ukasimama. Majibu yakatokea, chupa ikaletwa, damu ikaanza kushuka tone kwa tone na sote tukawa tunaitazama. Mama alikata roho kabla chupa haijaisha. Kanga yake bado ilikuwa na pamba kwenye pindo.

Daktari aliniita pembeni, akaniambia alikuwa amepoteza damu nyingi mno kabla ya kuletwa, na kwamba huenda hata tungewahi isingesaidia. Alisema kwa wema, na alikuwa mchovu. Lakini mimi nilichukua lile neno huenda nikaondoka nalo, na bado ninalo. Kuna siku linanifariji na kuna siku linanitafuna.

Tulimzika Sapiwi. Padri alikuja, kwaya ikaimba, wanawake wakapika, na baada ya watu kupungua ndipo baba mdogo, ndugu yake baba wa kumfuata, akaanza. Yeye ni mtu wa mambo ya zamani na hafichi. Alisema mtu haanguki shambani hivihivi. Alisema mashine za hospitali nzima haziwezi kufa asubuhi ileile ambayo shemeji yake anangoja damu, kisha zikafufuka akiwa anakata roho. Kuna mkono wa mtu hapo. Alisema anamjua mganga wa mbali anayeweza kuutaja huo mkono kwa jina. Na aliposema hivyo macho yake yalivuka ua yakatua kwenye nyumba ya bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote, ambaye mwaka ule alikuwa amegombana na mama kwa sababu ya kuku. Watu wengine nao wakatazama kule. Na hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu tunajua jambo kama hilo linaweza kumfikisha wapi bibi wa watu.

Asubuhi iliyofuata baba aliniita zizini. Alikuwa amesimama na fimbo yake, amekonda ndani ya siku chache. Nikapiga magoti, akaniambia nisimame.

"Uliniambia yanajifunga yenyewe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Siku ile hayakujifunga."

"Hayakujifunga."

"Basi mdogo wangu ana haki. Kuna mkono wa mtu."

Mkono ulikuwepo. Ulikuwa mbele yangu, umeshika fimbo, una sugu za jembe na kovu la kamba ya maksai. Ningeweza kusema hapana, ni kifaa tu. Lakini ningemdanganya vipi mtu aliyelielewa duara kabla sijamaliza kueleza? Angeuliza kifaa kipi, kikawaje, mzunguko ukatoka wapi, na neno kwa neno angefika dirishani, kwenye msumari wa chandarua. Na nikinyamaza, baba mdogo anakwenda kwa mganga.

"Ni mkono wangu, baba," nikasema. "Kile kinachoyafanya yajifunge, mimi ndiye niliyekizima. Nikasahau kukiwasha."

Hakunipiga, hakunilaani. Akamwita mdogo wake na kuniamuru nirudie. Nikarudia. Baba mdogo akachukua kofia yake. Kwa mganga hakwenda tena. Yule bibi yupo mpaka leo, anaanika mihogo yake, na msimu uliopita alinipa karanga za kwenda nazo mjini bila kujua chochote.

Na baba hajaniitikia salamu tangu siku ile. Naenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Napiga magoti, mwangaluka baba, naye anaangalia ng'ombe. Chakula nikipika anakula, ila akimaliza anamshukuru mdogo wangu wa kike. Kule ghalani, nasikia, akiulizwa habari za binti yake wa mjini anasema yupo. Kuna siku moja, wakati wa mavuno, alikataa hata kupokea kikombe cha maji mkononi mwangu, na hapo hasira ilinipanda jamani, neno likanifika hapa kooni. Ni wewe! Ni wewe, mzee, na kamba zako! Nikaondoka nikaenda kulia nyuma ya ghala la mahindi, kisha nikanawa uso nikarudi kuosha vyombo. Simlaumu. Namkosa mama, na namkosa yeye pia akiwa hapohapo mbele yangu.

Kazini, kale kaswichi bubu nilikang'oa siku niliyorudi kutoka msibani, na safari hii hakuna aliyeniambia nisubiri. Niliweka swichi zinazosemezana katika kila wodi na kila korido. VLAN ya wodi nikaizuia isisafiri kwenye waya mkuu wa jengo lisiloihitaji. Kisha nikajaribu mwenyewe: nikachukua waya, nikachomeka ncha huku na ncha huku, nikasimama kuangalia. Tundu moja likafungwa, taa yake ikawa ya rangi ya chungwa, na hospitali ikaendelea na shughuli zake. Niliirudia tena na tena. Muuguzi akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nahakikisha.

Juzijuzi mlinzi wa getini, mtu wa kwetu, akaniambia mzee wako yupo kwenye foleni ya macho. Baba hakuwa ameniambia anakuja. Amekuja Bariadi, amepita mlango wa ofisi yangu, akaenda kukaa foleni kama hana mtu mjini. Roho iliniuma. Nikaenda, nikasimama mwisho wa korido.

Alikuwa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, macho yake siku hizi yana ukungu. Mbele yake meza ya usajili ilikuwa imesogezwa, na waya wa kompyuta umebaki sakafuni, katikati ya njia, ncha moja bado imechomekwa ukutani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaukanyaga, akayumba, akapita. Baba akautazama ule waya. Nikamwona anajizuia. Halafu akashindwa, akainuka, akainama polepole na mkono kiunoni, akauokota. Kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko. Akaupapasa ukuta akapata msumari, akautundika. Ncha ikabaki mkononi mwake, na macho yake mabovu yakaanza kuitafutia mahali.

Ningeweza kumwita. Sikumwita. Akalipata tundu kwa kidole, akachomeka. Nikainua macho kwenye kabati la kioo la swichi juu ya mlango. Taa moja ikawa ya rangi ya chungwa. Msajili akaendelea kuita majina, printa ikaendelea kutoa karatasi, mtoto akaendelea kulia. Hakuna aliyejua kitu, na asiyejua kuliko wote ni yeye.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, kwenye sakafu, watu wakitazama. Mwangaluka, baba. Hakuitikia. Akanyoosha kidole kwenye ile koili.

"Bado mnaacha kamba chini," akasema. "Siku ile ya mama yako niliitundika mimi. Ungeijali kazi yako kama mimi ninavyoijali kamba, angekuwepo."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu zizini.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Wakaita jina lake. Chumba cha macho kina giza na kizingiti kirefu, kwa hiyo nikamshika kiwiko, na hakuutoa mkono wangu. Nikamfikisha mpaka kwenye kiti cha daktari. Nilipotoka nikaenda kuichomoa ile ncha, nikaificha nyuma ya meza. Kamba yenyewe niliiacha kwenye msumari, jinsi alivyoikunja.